Giaboksi: Biashara ya Nguvu na Mwendo Baina ya Kano na Nyabondo

Gari litokalo Kisumu kwenda Nyakach hupita Ahero na Katito katika uwanda wa Kano, mahali ambapo ardhi imelala tambarare hata mtu akadhani kwamba dereva hana haja ya kuugusa mkono wa gia ila wakati wa kuondoka na wakati wa kusimama. Lakini lifikapo Pap Onditi, ambako ndiko makao ya utawala wa Nyakach, kisha likaanza kupanda kuelekea nyanda za juu za Nyabondo huku limesheheni abiria, magunia ya mchele na makreti ya samaki, hapo ndipo hudhihirika kwamba injini, hata iwe mpya namna gani, haiwezi kulipandisha gari peke yake pasipo chombo kingine kilichositirika baina yake na magurudumu. Chombo hicho ni giaboksi, na katika viungo vyote vya gari sijui kingine kihukumiwacho kwa dhana kama hiki. Sauti ngeni ikisikika, fundi mwenye pupa husema, "Giaboksi imekufa," na mwenye gari, ambaye karo ya watoto wake yatoka katika gari hilo hilo, huanza kukopa kabla hata boliti moja haijalegezwa. Nami nina yakini kwamba sehemu kubwa ya fedha zipoteazo kwa njia hii zingeokolewa lau mwenye gari angalijua mambo machache juu ya chombo hiki, mambo ambayo si magumu kwa mtu aliyesoma hesabu za shule ya msingi.

Tuchukue Toyota Probox, gari ambalo pande hizi za Ziwa limekuwa matatu, lori dogo na hata gari la kumkimbiza mgonjwa hospitali. Probox nyingi zilizopo barabarani zina injini ya sentimita za ujazo 1,496, nayo, kama injini zote za petroli, ina tabia moja iliyo mzizi wa habari yote hii: izungukapo polepole ni dhaifu, na ikilazimishwa kuzunguka polepole zaidi huzimika. Nguvu yake ya kusokota hukamilika inapozunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika, nayo haizidi sana nyutoni-mita 140. Sasa, gari lipandalo kilima kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, magurudumu yake hayafikishi mizunguko 200 kwa dakika. Injini yataka kuzunguka maelfu, gurudumu lataka kuzunguka mamia. Sharti apatikane wa kuzisuluhisha.

Msuluhishi ni meno. Gia ndogo yenye meno 11 ikiizungusha gia kubwa yenye meno 39, ile ndogo italazimika kuzunguka mara tatu na nusu hivi kabla ya ile kubwa kutimiza mzunguko mmoja. Mwendo umepungua mara tatu na nusu, na nguvu ya kusokota imeongezeka kwa kadiri ile ile, ukiacha kidogo kiliwacho na msuguano. Kutoka hapo nguvu huingia katika difu, yaani gia za mwisho kabla ya magurudumu, ambayo huizidisha tena mara nne hivi, hata jumla ikawa mara 14, na nyutoni-mita 140 za injini zikafika kwenye magurudumu zikikaribia 2,000. Hakuna nguvu mpya iliyozaliwa ndani ya giaboksi: imenunuliwa, na thamani iliyolipwa ni mwendo, kama mkulima ashikaye njia ya kuzungukazunguka kupanda Nyabondo badala ya kuukabili mteremko uso kwa uso, akafika juu ile ile kwa hatua nyingi zaidi na kwa pumzi chache. Katika gia ya tano ya gari dogo hesabu hugeuka: shafti itokayo huzunguka upesi kuliko ile iingiayo, ndipo gari likateleza kwa wepesi uwandani na mafuta yakatumika kidogo. Dereva ang'ang'aniaye gia ya nne kilimani ili asitumie petroli nyingi haokoi kitu; anaitaka injini kazi isiyoiweza, na kishindo cha kuhema kwake chapiga meno na beringi.

Hikima hii ni kongwe. Ismail al-Jazari, fundi aliyewatumikia masultani wa Kiartuqi huko Diyarbakir, alikamilisha mwaka 1206 kitabu cha mitambo ambamo alieleza vyombo vya kupandishia maji vyenye magurudumu ya meno, mengine yakiwa na meno sehemu moja tu ya mzingo ili kazi ifanyike kwa zamu. Katika magari, Wafaransa Panhard na Levassor ndio walioweka, mnamo 1891, mfumo wa gia za kuteleza, ambao ulimtaka dereva azisukume gia zinazozunguka mpaka meno yaingiane, na mlio wake haukuwa wa kupendeza. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa magari yenye sinkronaiza, na tangu hapo kazi ya dereva ikawa nyepesi.

Inafaa tukae kidogo juu ya hiyo sinkronaiza, kwa kuwa watu wengi, na baadhi ya mafundi pia, hudhani kwamba mkono wa gia husogeza gia zenyewe. Sivyo. Katika giaboksi ya manyuali ya leo gia zote za kwenda mbele zimeumana daima, jozi kwa jozi, na meno yake yamechongwa kwa mshazari ili yapokezane kazi bila kelele; ila katika kila jozi gia moja huzunguka ovyo juu ya shafti yake pasipo kushikana nayo. Kuingiza gia ni kusogeza bangili ya chuma itakayoifunga gia moja na shafti, na kabla ya bangili hiyo kufunga, pete ndogo, aghalabu ya shaba, hujikwaruza juu ya koni ya gia mpaka mwendo wa viwili hivyo ulingane. Pete hiyo ina mistari myembamba kama nyuzi ya kukata utando wa oili. Mistari ikishalika, gia hukwaruza wakati wa kuingia. Gia ya kurudi nyuma, ambayo mara nyingi meno yake ni ya kunyooka na haina pete, hulia hata katika gari jipya, na kulia huko si ugonjwa.

Kwa elimu hiyo mwenye gari aweza kuuliza maswali kabla ya kutoa shilingi. Gari likiwa limesimama, injini inawaka na mkono uko katika fri, sauti ya kuvuma ikasikika kisha ikakoma ukikanyaga klachi, yamkini beringi ya shafti iingiayo imechoka. Na sauti ikianza pale unapokanyaga, basi ni beringi ya klachi, kitu kidogo kilicho nje ya giaboksi kabisa. Gia moja tu ikikwaruza, hiyo ni pete ya gia hiyo. Gia zote zikikataa kuingia injini ikiwaka, na zikaingia kwa urahisi injini ikizimwa, hapo klachi haiachii, na giaboksi haina hatia. Gia ikichomoka yenyewe katika mteremko, tazama kwanza mauntingi za injini na nyaya za mkono wa gia, kisha ndipo ufikirie meno ya bangili. Na kabla ya yote hayo, fungua boliti ya oili utazame.

Nasisitiza oili kwa sababu ya maji. Mto Nyando hufurika mara kwa mara msimu wa masika, na magari ya uwanda wa Kano huvuka madimbwi ambayo dereva huyapima kwa macho tu. Giaboksi ina kijitundu cha kupumulia juu yake, kwa kuwa hewa ya ndani hutanuka ikipata joto. Gari lililokimbia mwendo mrefu likatumbukia ghafla katika maji baridi, hewa hiyo husinyaa, na badala ya kuvuta upepo ule mdomo wake huvuta maji. Dereva hahisi lolote siku hiyo. Baada ya majuma kadhaa oili hutoka nyeupe mfano wa chai ya maziwa, na beringi zimekwisha kushika kutu. Anayefanya kazi katika njia hizo heri amwombe fundi arefushe kijitundu hicho kwa mpira mpaka juu karibu na injini. Ni kazi ndogo mno kwa faida yake.

Ikiwa giaboksi ya manyuali ni mbovu kweli, rai yangu ni kwamba ifunguliwe kwanza mezani kabla ya kununuliwa nyingine. Beringi nyingi huchongwa namba katika ukingo wake, namba inayotambulika ulimwengu mzima: 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje milimita 52, iwe imetengenezwa Japani au Uswidi. Aendaye dukani Kisumu na namba hataji aina ya gari, na bei ya beringi na sili haikaribii bei ya giaboksi nzima. Lakini meno yakiwa yamekatika, au ganda limepasuka, usikarabati, tafuta nyingine.

Ya otomatiki ina hukumu tofauti. Ndani yake mna sahani za msuguano na vijia vya mafuta vyembamba mno, na kuitengeneza kwataka usafi na vyombo ambavyo gereji nyingi hazina. Kwa hiyo, kama mafuta yake mekundu yamegeuka meusi na yananuka kuungua, kununua nzima iliyotumika huwa rahisi zaidi. Probox za toleo la 2014 na kuendelea zilikuja na aina ya CVT, yenye mkanda wa chuma baina ya puli mbili, nayo yataka mafuta yake mahsusi. Ukiitilia mafuta ya otomatiki ya kawaida umeiua.

Giaboksi hizo zilizotumika zatoka wapi? Nyingi ni za Japani, ambako gari dogo jipya la binafsi la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3 na kisha kila miaka 2, kwa gharama inayowafanya wenyewe wayaache magari yangali na uzima. Huvunjwa, spea zikapakiwa katika makontena, nyingine zikapitia masoko ya Sharjah, hata zikafika Mombasa, zikapanda Nairobi katika maduka ya Kirinyaga Road, na zikaishia Kisumu. Chuma cha gia hizo aghalabu kingali kizima, na sioni aibu kununua.

Ila uende na herufi mkononi. Katika kibati cha gari pameandikwa namba ya fremu na alama za giaboksi: Probox ya NCP51 huvuta kwa magurudumu ya mbele, ya NCP55 huvuta kwa yote manne, na giaboksi ya moja haiingii katika nyingine ijapokuwa muuzaji ataapa. Ukiipata ifananayo, ushike mwisho wa shafti iingiayo uutikise juu na chini. Mchezo mdogo hauna neno, kugonga kuna neno. Kagua masikio ya kufungia boliti kama yana nyufa. Ingiza kila gia huku mwenzio akizungusha shafti kwa mkono. Kisha toa boliti ya chini, ambayo kwa kawaida ina sumaku: unga mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa haki, vipande vinavyomeremeta ni meno yaliyovunjika. Chukua risiti yenye namba ya giaboksi na muda wa majaribio, na upake ganda alama ya rangi mbele ya muuzaji.

Kwa kuwa kushusha na kupandisha ndiko kunakokula ujira, sahani ya klachi, beringi yake na sili za shafti zibadilishwe siku hiyo hiyo. Oili iwe ile iliyotajwa katika kitabu cha gari; manyuali nyingi zataka oili ya daraja la GL-4, kwa sababu dawa za salfa zilizozidi katika baadhi ya GL-5 huweza kuzila pete za shaba. Katika magari madogo oili hiyo ni lita 2 hivi tu, na ikimwagwa baada ya kilomita 1,000 za kwanza, fundi na mwenye gari wakaitazama ile sumaku pamoja, wote wawili watajua ni kitu gani walichonunua.