Kidonge cha mgongo kinachofanya kazi kichwani

Mtu akiamka mgongo umemkamata, hawezi hata kuinama kufunga viatu, kituo chake cha kwanza huwa ni duka la dawa la jirani. Mara nyingi hupewa vidonge vyenye dawa tatu kwa pamoja: diklofenaki, parasetamoli na klorzoksazoni. Mbili za kwanza anazijua, ni za maumivu. Akiuliza hiyo ya tatu, huambiwa inalegeza misuli. Ni kweli inalegeza, lakini msuli wenyewe haiugusi.

Msuli hukaza kwa amri. Amri hutoka kwenye ubongo, hushuka kwa uti wa mgongo, kisha hupita kwenye neva hadi pale neva inapokutana na msuli. Hapo humwagwa kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli hujikunja. Dawa inaweza kuizuia amri hiyo kule juu inakotoka au pale chini inakopokelewa, na tofauti ya sehemu hizo mbili ni kubwa mno.

Dawa za chini ni za chumba cha upasuaji. Chimbuko lake ni kurare, sumu ambayo wenyeji wa misitu ya Amerika Kusini waliipaka kwenye mishale ya kuwindia. Katika karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard aliwajaribu vyura na kuonyesha kwamba sumu hiyo haiharibu msuli, kwani ukiuchokoza moja kwa moja bado unajikunja. Inachofanya ni kukata mawasiliano kati ya neva na msuli. Januari 1942, mjini Montreal, Kanada, Harold Griffith na Enid Johnson walimpa kurare mgonjwa aliyekuwa akitolewa kidole tumbo. Misuli ya tumbo ikalegea, na mpasuaji akafanya kazi kwa nafasi. Leo hutumika dawa za aina hiyo kama atrakuriamu na suksamethonia.

Likabaki swali la kutisha: je, mgonjwa aliyelegea hivyo anasikia maumivu? Daktari Mmarekani Scott Smith alijitoa yeye mwenyewe ajaribiwe, na taarifa ikachapishwa mwaka 1947. Alidungwa kurare bila dawa ya usingizi mpaka akashindwa kusema na kupumua, wenzake wakimpumulisha. Nguvu ziliporudi aliwaeleza waliyoyasema na waliyomfanyia: fahamu zake hazikupotea hata kidogo, na maumivu aliyasikia. Ndiyo maana dawa hizi hazitolewi bila mtaalamu wa nusu kaputi na vifaa vya kumpumulisha mgonjwa, na hutazikuta kwenye rafu ya duka la mtaani.

Za dukani ni za ukoo wa juu. Namna zinavyofanya kazi inaonekana vizuri kwa mgonjwa wa pepopunda. Sumu ya ugonjwa huo huzuia kemikali zinazotuliza neva za uti wa mgongo, mojawapo ikiitwa GABA. Breki zikishakatika, taya hufunga na mgongo hupinda kama upinde. Daktari hutoa diazepamu, ambayo huiongezea nguvu GABA iliyopo. Baklofeni nayo hupitia mlango mwingine wa GABA, na kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au mtu aliyekakamaa baada ya kiharusi, inaweza kumwezesha kunyoosha mkono ukapita kwenye shati. Hapo dawa hizi zinastahili sifa zake zote.

Kwa mgongo uliokamata, sifa hupungua. Klorzoksazoni na methokabamoli huutuliza ubongo na uti wa mgongo, na wataalamu wengi wanaamini sehemu kubwa ya nafuu yake hutokana na kule kusinzisha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la BMJ uliangalia dawa za kundi hili kwa maumivu ya kiuno. Ndani ya wiki mbili maumivu yalipungua kwa chini ya alama 8 kati ya 100, huku madhara yakiongezeka. Kwa maoni yangu, siku mbili tatu, tena usiku, zinaeleweka. Kumeza mwezi mzima ni kununua usingizi kwa bei ya dawa ya mgongo.

Na usingizi huo haubaki kitandani. Dereva wa bodaboda anayemeza asubuhi anaingia barabarani akili ikiwa nzito. Ukichanganya na bia, au na tramadoli, upumuaji unaweza kushuka hadi hatari. Mzee huamka usiku kwenda chooni, kizunguzungu kinampiga, anavunjika nyonga.

Mengine hayaonekani mpaka yatokee. Tizanidini, dawa nyingine ya kulegeza misuli, hushusha presha, na haitakiwi kabisa kutumiwa na siprofloksasini, antibayotiki inayotolewa sana huku kwetu kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Ukizimeza pamoja, tizanidini hupanda kupita kiasi kwenye damu na unaweza kuzimia. Baklofeni ikikatishwa ghafla baada ya matumizi marefu inaweza kuleta degedege na kuona vitu visivyokuwepo. Hupunguzwa kidogo kidogo. Klorzoksazoni inaweza kugeuza rangi ya mkojo, jambo lisilo na madhara peke yake, ila macho yakiwa ya njano acha dawa uende hospitali, maana ini limeguswa. Wapo pia wanaomeza kile kidonge cha mseto, kisha wananunua diklofenaki nyingine pembeni bila kujua wameirudia, na wanaolipa ni tumbo na figo.

Maumivu ya kiuno yakija na ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu au mkojo kugoma kutoka, usiende duka la dawa. Huenda neva zimebanwa, na hospitali ni siku hiyohiyo.