Chupa ya Kuchuja Maji: Tuwabebee Watoto Tukienda Nyumbani?

Kila mwaka shule za hapa Brussels zikikaribia kufungwa, akina mama tunaokutana Matonge kwenye ndizi na unga wa muhogo huniuliza swali lilelile: "Dada nesi, hizi chupa zenye kichujio ndani, nimnunulie kila mtoto?" Jibu langu ni refu kuliko ndiyo, kwa hiyo naliandika hapa.

Kwanza hesabu. Familia ya watu wanne, kila mmoja akinywa lita moja na nusu kwa siku, kwa wiki 3 itamaliza lita 126. Ukinunua maji dukani hizo ni chupa 84 za lita moja na nusu. Kwetu Tanga chupa tupu haitupwi ovyo, itarudi na mafuta ya taa, na maziwa au na asali ya kupeleka Ulaya. Lakini 84 ni nyingi hata kwa bibi asiyetupa kitu. Zinazobaki huchomwa nyuma ya nyumba, moshi ukaingia jikoni, au huishia mtaroni, na mvua ikinyesha ndizo zinazoziba. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Chupa za maji zimeendelea kuuzwa, ila Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020 huruhusiwi kuingia nazo katika hifadhi za taifa. Kama umewaahidi watoto simba wa Nairobi, jua hilo kabla hujafika getini.

Sasa kazi ya chupa yenyewe. Vichujio vinavyouzwa hapa si vya aina moja, na hapa ndipo pesa hupotea. Kile cha mkaa, kinachofanana na cha majagi ya mezani, huondoa harufu ya klorini na kubadilisha ladha. Kwa maji ya Brussels kinatosha, na kusema kweli hata hakihitajiki: maji ya bomba ya hapa ni salama, ule weupe kwenye birika ni chokaa. Lakini kichujio hicho hakizuii taifodi. Unachotaka kwa safari ni kile chenye nyuzi nyembamba zenye matundu ya mikroni 0.1 au 0.2, na kipimo hicho huandikwa kwenye boksi. Bakteria wa kipindupindu na wa taifodi hawapiti hapo, wala amiba, wala giardia. Kama boksi halitaji mikroni, rudisha rafuni.

Virusi hupita. Kirusi cha homa ya ini A kina ukubwa wa kama mikroni 0.03, hivyo chupa nyingi za aina hii hazikizuii. Sisi tuliokulia kule wengi wetu tuliugua utotoni bila hata kujua, lakini mtoto aliyezaliwa Ixelles au Schaerbeek hana kinga hiyo, na chanjo yake haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Ubelgiji. Iombe kwa daktari wako au kliniki ya wasafiri, kama ile ya Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto iliyoko Antwerp. Maji yakitiliwa shaka, yachemshe hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja, na ukiwa milima ya juu sana dakika 3. Au tumia vidonge vya klorini kama paketi inavyoelekeza. Maji ya matope yaache yatuame kwanza, la sivyo kichujio kitaziba siku ya pili.

Chumvi nayo haichujwi. Wa Lamu, Unguja na Mombasa wanaojua maji ya kisima yenye chumvichumvi wasitegemee muujiza. Floridi vilevile. Watu wa Arusha na Meru wanaifahamu kwa meno ya kahawia; maji yanaonekana safi, yanapita kwenye kichujio, na floridi imo yote. Kuchemsha ndiyo hakusaidii kabisa, maana maji hupungua na yenyewe hubaki. Kwa tatizo hili kuna kazi ya kwetu wenyewe: Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni kichujio cha mchanga na nanoteknolojia kinachoweza kulengwa kwa uchafu wa eneo husika, floridi ikiwemo. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji kabisa, hata kwenye joto la Dar. Anayetumia maziwa ya kopo atengenezewe kwa maji yaliyochemshwa. Chupa ya kuchuja si yake.

Kuna jambo ambalo boksi haliandiki. Unafika nyumbani, mama anakuletea glasi ya maji kutoka mtungini, na mjukuu anatoa chupa yake begini. Mama yangu alitazama, akauliza taratibu, "Maji yangu yamekuwa sumu siku hizi?" Hilo linauma kuliko kuharisha. Tuliyazungumza jioni, tukakubaliana: chupa za kunyonyea ni za njiani, kwenye basi na sokoni. Nyumbani tulinunua ndoo mbili zenye kichujio cha udongo katikati, zikawekwa sebuleni, na watu wote wakanywa humo, bibi na jirani pia. Maji huchemshwa kwanza, ndipo humiminwa. Mama ndiye msimamizi, na ole wake anayechovya kikombe. Kwa bei ya chupa mbili za Brussels nyumba nzima ilipata maji, na ndiyo maana siku hizi nasema: kabla hujanunua nne, uliza bibi ana nini.

Uwanja wa ndege pita ukaguzi na chupa tupu, ujaze ndani. Maji ya mtoto mchanga huruhusiwa, ila watayakagua. Ndege ikiwa juu fungua mdomo wa chupa polepole, maana hewa iliyobanwa husukuma maji usoni.

Mkirudi, suuza kichujio kama maelekezo yanavyosema na ukikaushe kabisa kabla ya kukihifadhi. Kisikae balkoni wala ndani ya gari Januari. Nyuzi zenye unyevu zikiganda hupasuka, nyufa huzioni kwa macho, na Julai utambebesha mtoto kichujio kilichokufa.