Samaki mwenye kovu si wa kuogopwa

Mvuvi wa mshipi kwenye Mto Ruvubu wilayani Ngara, kabla maji hayajaungana na Kagera pale Rusumo, huvuta samaki wa kila namna: kambale aliyekatika ncha ya mkia, kuyu mwenye mgongo uliopinda, sato mwenye jicho moja lakini amenona kuliko wenzake. Kuna anayemrudisha majini, na kuna anayemkatakata vipande kwanza ili mnunuzi asiulize maswali. Woga huo unaeleweka. Mwaka 1994 Kagera ilibeba miili ya waliouawa Rwanda hadi Ziwa Victoria, na samaki wakakataliwa masokoni. Watu waliopitia hayo wana haki ya kumkagua samaki mara mbili.

Hata hivyo kovu ni habari njema. Samaki huyo aliumizwa, akapona, akaendelea kula na kukua. Jeraha la samaki huanza kujifunika ndani ya saa chache: ngozi ya pembeni husogea na kuliziba hata kabla nyama iliyo chini haijapona. Ule ute unaoteleza mkononi ndio kinga yake ya kwanza, ndiyo maana anayerudishwa majini hushikwa kwa mikono iliyolowa. Magamba nayo huota upya. Bandua gamba moja juu ya kovu, uliinue kwenye mwanga. Gamba la asili lina miviringo inayoanzia katikati, kama kisiki cha mti. Lililoota upya halina kitu katikati, kwa kuwa lilijengwa haraka kuziba pengo. Pezi hurudi pia, pengine limepinda, mradi shina lake halikung'oka.

Bingwa wa kazi hii ni kamongo. Watafiti waliomchunguza kamongo wa Afrika Magharibi walichapisha mwaka 2020 kwamba akikatwa mkia huuotesha tena, misuli na mshipa mkuu wa neva vikiwemo. Kuku hawezi hilo, ng'ombe hawezi, wala sisi.

Aliyejeruhi mara nyingi anatambulika. Kwazi huacha matundu ya kucha mgongoni. Fisi maji na mamba huondoka na kipande cha mkia. Ndoana iliyong'oka huacha mdomo umechanika, na mdomo huo hupona ukiwa umekaa upande. Alama ninayoipa uzito kuliko zote ni ile pete ya magamba yaliyokwanguka nyuma ya matamvua. Huyo alinaswa wavuni akajichomoa. Ukiona pete hiyo kwa samaki wengi wadogo, jua kuna nyavu za macho madogo zinazofanya kazi karibu.

Ukanda wa Ziwa Victoria umeshalipa gharama ya nyavu hizo. Nyavu za makila, zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ziliingia ziwani mwaka 1905. Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alishauri macho yasipungue inchi tano. Macho yakaendelea kupungua. Ningu, anayepanda Kagera na mito mingine wakati wa mvua ili kutaga, alikuwa akisubiriwa mitoni na mayai yake tumboni, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Leo timba, wavu wa uzi mmoja wa plastiki, imepigwa marufuku na bado inatumika.

Mgongo uliopinda ni jambo jingine, kwani mara nyingi samaki hakujeruhiwa na yeyote. Wengine huanguliwa hivyo. Wa bwawani hupinda kwa lishe: sato hawezi kujitengenezea vitamini C, na chakula kilichokaa muda mrefu kwenye joto huipoteza. Kuzalisha vizazi vingi kutoka kwa wazazi walewale wachache nako huleta vilema. Kwa hiyo mfugaji akiona vifaranga wengi wamepinda, achunguze chakula na mbegu yake kabla ya kumshuku jirani.

Wa kukataliwa ni samaki mwenye kidonda kibichi, chekundu, kilichochimba hadi kwenye nyama. Ugonjwa wa vidonda wa namna hiyo ulithibitishwa kusini mwa Afrika, kwenye mito ya Chobe na Zambezi, mwaka 2007, na huenea kwa maji na kwa samaki wanaohamishwa. Samaki wa hivyo wakionekana wengi, wasipelekwe bwawa jingine.

Ninachokihofia zaidi hakionekani kabisa. Biharamulo, wilaya inayopakana na Ngara, ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha mwaka 2005, na katika ukanda huo wako wachimbaji wadogo wanaokamata dhahabu kwa zebaki. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yakioshewa kijitoni, vijidudu vya kwenye tope huigeuza zebaki kuwa sumu inayoingia mwilini mwa samaki. Mdogo huliwa na mkubwa, na sumu hujikusanya kwa mkubwa. Hapo kambale mkubwa anaweza kuwa mzima wa kutazama, hana kovu wala kilema, na akawa hatari kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Kukaanga hakuitoi zebaki, kukausha kwa moshi hakuitoi. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa sumu hiyo ulijulikana mwaka 1956, watu walikuwa wakila samaki wa kawaida tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020.

Kwa hiyo mvuvi asimtupe samaki aliyepona jeraha. Amsafishe, ampike, ale. Akipata vilema wengi wa aina moja mahali pamoja, aandike tarehe na mahali, apige picha, ampelekee afisa uvuvi wa wilaya. Na Halmashauri ya Biharamulo, pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ichukue kambale wa vijito vinavyopita kwenye machimbo, iwapime zebaki, na itangaze majibu hadharani.