Afya Yetu: Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda na Mboga Zetu

Mwezi huu tunazungumzia warfarini, dawa ambayo baadhi ya ndugu zetu huimeza kila siku. Hupewa wenye vali bandia ya moyo, au waliopata damu iliyoganda mguuni au mapafuni.

Chanzo chake ni zizini. Miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe waliolishwa majani makavu yenye ukungu walitokwa damu hadi kufa. Wataalamu waliichunguza sumu hiyo. Dawa iliyotokana na utafiti huo ilianza kuua panya 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu.

Je, inafanyaje kazi? Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Warfarini huizuia vitamini hiyo, na damu huchelewa kuganda. Lakini vitamini K imo kwa wingi katika mboga za majani: mlenda, mchicha, majani ya kunde na ya maboga.

Hapo ndipo sisi wa Dodoma tuwe waangalifu. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, mboga ni tele, kiangazi hupungua. Zikipungua huku kidonge ni kilekile, dawa huzidi nguvu na mgonjwa huweza kutokwa damu. Zikiongezeka ghafla, dawa hudhoofika na damu huweza kuganda.

Hatusemi uache mlenda! Kula kiasi kisichobadilika sana, na majira yakigeuka nenda ukapimwe damu, kipimo cha INR. Kwa wengi hutakiwa kati ya 2 na 3. Wenye vali bandia huweza kupangiwa zaidi. Usijipunguzie wala kujiongezea vidonge.

Mambo mengine yaletayo kutokwa damu ni aspirini, diklofenaki, Septrin na Flagyl zinazonunuliwa dukani bila ushauri, dawa za miti shamba, na pombe nyingi. Mama anayetarajia mimba amwone daktari mapema, kwani warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Ukiona fizi au pua zinatoka damu bila kukoma, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au kichwa kikiuma sana ghafla au baada ya kuanguka, usingoje asubuhi. Nenda hospitali, na uchukue kadi yako na dawa zako zote.

Basi, wanafamilia, kama mgonjwa yupo nyumbani, mpishi naye aijue dawa hii.