Jaribio la HDR Lianzie Mlangoni

Saa sita mchana katika mtaa wa Komarock, Nairobi, mwanga na kivuli hukaa bega kwa bega bila kuchanganyika. Jiji hili liko takriban nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo Machi na Septemba jua husimama utosini, na miezi mingine halisogei mbali sana. Nyumba za mtaa huu, zilizojengwa kwa awamu na Kenya Building Society, zimekaribiana, na nyingi zimeongezewa ghorofa na wenyewe, hata vichochoro na nyua zikabaki na kivuli kizito huku ukuta wa jirani ukiwaka. Mtu akisimama mlangoni, uso wake umeelekea sebuleni na mgongo wake umeelekea nje penye jua, kamera ndogo ya dijitali hulazimika kuchagua. Ikipima mwanga wa nje, uso unageuka doa jeusi. Ikipima uso, ukuta na anga vinaungua na kuwa weupe mtupu. Kitufe cha HDR (High Dynamic Range, yaani upana mkubwa wa mwanga) kinaahidi kuondoa uchaguzi huo. Wanaozikagua kamera hupenda kukijaribu kwa machweo, milima na majengo marefu. Mimi nashikilia kwamba kwa msomaji wa huku jaribio lenye maana ni uso wa mtu mweusi aliye mlangoni. Kamera ikiutunza uso huo kama ulivyo, HDR yake ni ya kazi. Isipoutunza, anga la buluu lililookolewa halifidii kitu.

Ugumu wenyewe unahesabika. Jua kali la mchana humwaga mwangaza unaokaribia lux 100,000, ilhali sebuleni, hatua chache kutoka dirishani, zinabaki mia chache tu. Wapiga picha hupima pengo hilo kwa hatua, na kila hatua ni mwanga kuongezeka maradufu. Tofauti ya mara 250 ni karibu hatua nane. Ongeza kwamba ukuta uliopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, na ngozi nyeusi hurudisha sehemu ndogo, nawe umeongeza hatua nyingine mbili au tatu. Kihisi cha kamera nyingi za mfukoni kina upana wa milimita sita hivi na kimo cha milimita nne na nusu, eneo lililo dogo mara thelathini kuliko la kihisi cha kamera kubwa za kitaalamu. Kila pikseli humo ni mtungi mdogo unaokinga mwanga: ukifurika, kilichomwagika hakirudi, na ndiyo maana ukuta ulioungua hauna maelezo yoyote ya kurudishwa baadaye. Mtungi ambao haujapata hata tone nao hauna la kusema, ila chenga za rangi zinazojitokeza unapojaribu kuung'arisha. HDR hukinga mara kadhaa. Kamera hupiga picha tatu, kwa mfano moja ikiwa hatua mbili chini ya kipimo cha kawaida, moja kwenye kipimo, na moja hatua mbili juu yake, kisha huchukua ukuta kutoka ya kwanza na uso kutoka ya tatu. Kwa mpangilio huo upana unaongezeka hatua nne, na katika mlango wa Komarock hatua nne ndizo zinazotofautisha mtu na doa.

Tatizo ni kwamba si kila kamera yenye maneno hayo kwenye menyu hufanya kazi hiyo. Ricoh CX1 ya mwaka 2009 ilikuwa miongoni mwa kamera ndogo za mwanzo kupiga picha mbili mfululizo na kuziunganisha zenyewe, na Canon PowerShot S95 ya mwaka 2010 ilipiga tatu. Lakini zipo nyingi zinazopiga picha moja tu na kunyanyua sehemu za giza kwa hesabu. Nikon huuita ufundi wa namna hiyo D-Lighting, Canon huuita i-Contrast. Una manufaa yake, ila haukingi mwanga wowote mpya. Mnunuzi anayeangalia kamera iliyotumika katika maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, anaweza kuutambua papo hapo, bila kusoma kitabu cha maelekezo: awashe HDR, apunge mkono mbele ya lenzi huku akipiga, kisha aikuze picha kwenye skrini. Mkono ukitokea mara mbili au tatu, umekatikakatika, kamera imeunganisha picha kadhaa. Ukitokea mmoja, safi au umevutika tu, yaelekea ni picha moja iliyorembwa.

Baada ya hapo ndipo mlango. Iwekwe kamera juu ya meza au stendi ya miguu mitatu, mtu asimame katikati ya fremu ya mlango, zipigwe picha mbili, moja ya kawaida na moja ya HDR, na ziangaliwe kwa ukubwa kamili, si kwa kimo cha kidole. Watu wengi hukimbilia kutazama kama anga limerudi. Tazama kwanza chini ya macho, pembeni mwa pua na penye mpaka wa nywele na ukuta. HDR mbovu huutoa uso gizani ukiwa na rangi ya majivu, kwa sababu programu imepandisha giza bila kupandisha wekundu na udhahabu uliomo katika ngozi. Au huuacha na utando mwangavu kuzunguka kichwa, alama ya kubana mwanga mwingi ndani ya ngazi 256 za faili la kawaida. Nasisitiza jambo hili kwa sababu lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikajulikana kwa jina la Shirley, na ni miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Google nayo ilingoja hadi mwaka 2021, kwenye simu ya Pixel 6, kutangaza Real Tone kuwa kazi maalumu ya kuonyesha ngozi nyeusi kwa haki. Kamera nyingi za mfukoni zinazozunguka mikononi mwa watu leo zilitengenezwa kabla ya hapo. Kuzipima kwa mandhari peke yake ni kuruka swali ambalo watengenezaji walilichelewesha muda mrefu zaidi.

Kuna mahali ambapo HDR ya kamera ndogo hushindwa bila kujali ubora wake, napo ni penye mwendo. Picha ya tatu, yenye hatua mbili juu, huhitaji shata ikae wazi mara nne ya kipimo cha kawaida: kama kipimo ni 1/60 ya sekunde, hiyo itakuwa 1/15, na mkono wa binadamu hautulii vya kutosha kwa muda huo. Matatu inayokwenda kilomita 40 kwa saa katika barabara ya Kangundo husogea zaidi ya mita tano kwa nusu sekunde, muda ambao kamera ya zamani inaweza kuumaliza kati ya picha ya kwanza na ya mwisho. Itatokea vipande vipande. Nguo kwenye kamba zikipigwa na upepo hupata kingo mbili, na mtoto anayecheka hupata vinywa viwili. Hilo ndilo sharti la ufundi huu, na mwenye kujua sharti hachukui HDR kwenda nayo kwenye mpira wa watoto.

Atasema mtu kwamba simu imeshamaliza hoja hii. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. iPhone ilipata HDR mwaka 2010, na HDR+ ya Google, iliyokuja na Nexus 5 mwaka 2013, hupiga mfululizo wa picha fupi zenye giza, huzipanga kipande kwa kipande na kuzijumlisha, hivyo kuepuka ile shata ndefu. Kamera ndogo nyingi hazina akili ya hesabu ya kulingana na hiyo. Zinachobaki nacho ni lenzi inayovuta kwa vioo badala ya kukata picha, na bei ya mkononi inayomruhusu kijana kuanza kazi ya picha za sherehe. Kwa huyo, kujua HDR yake inafika wapi ni suala la kipato.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kuunganisha picha ni kudanganya. Lakini Gustave Le Gray wa Ufaransa, katika miaka ya 1850, alishaunganisha negativu ya anga na negativu ya bahari kwa sababu kemikali za wakati wake hazikuweza kushika zote mbili kwa mara moja. Jicho nalo hufanya kazi inayofanana: likitazama ukuta hujibana, likirudi usoni hufunguka, na ubongo hutupa mlango mmoja wenye vyote viwili. Hakuna jirani anayemwona mwenzake mlangoni akiwa kivuli cheusi. Picha ya doa jeusi, ingawa imepigwa mara moja tu, iko mbali zaidi na alichokiona aliyekuwa pale. Udanganyifu huanza pale HDR inapolainisha kila kivuli hadi saa sita mchana ionekane kama asubuhi yenye mawingu, na hilo ni la kukatalia kamera alama.

Wapo pia watakaouliza kwa nini asisogezwe mtu, au isiwashwe flashi. Mara nyingi ndivyo inavyofaa, na studio kama Capital Art ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilijenga jina kwa kuutawala mwanga wenyewe kabla ya kugusa kamera. Flashi ya kamera ndogo hufaa kwa mita chache, na kivuli cha ukumbini ni rafiki wa uso. Ila fundi aliye kwenye ngazi, au bibi aliyeketi kwenye kibaraza chake, hawahamishwi kwa ajili ya picha. Na ikiwa kamera imeshindwa jaribio la mlango, lipo la kufanya bila HDR: pandisha kipimo kwa kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, hatua moja hadi mbili, mpaka uso utoke vizuri, na uache ukuta wa jirani uungue. Karatasi ya picha yenyewe hubeba hatua sita au saba tu za mwanga, kwa hiyo hata anga lililookolewa kwa HDR hupungua likichapishwa, na anayekuja kuchukua picha yake hutafuta sura yake kwanza.