Wanaotuigiza walipita shuleni. Watoto wetu watasomea wapi?

Kijana wa Walikale akisema anataka kufanya kazi ya teatri ao ya filme, jibu tunalijua wote: "Hiyo si kazi. Tafuta shimo uchimbe, ao ununue pikipiki." Watu wanafikiri kuigiza ni kuchekesha wageni kwenye harusi, tena mtu anazaliwa nayo, haisomewi. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunasema hapana. Kuigiza ni ufundi kama ufundi mwingine. Unasomewa, na waliousomea vizuri wamefika mbali. Na kuna jambo moja linalotugusa sisi wenyewe: baadhi yao walipata jina kwa kuigiza mambo ya kwetu, vita yetu, migodi yetu, msitu wetu.

Tuanze na mtoto wa nchi. Marc Zinga alizaliwa mwaka wa 1984 huko Likasi, mji wa migodi wa Katanga. Alisomea kuigiza Ubelgiji, kwenye Institut des arts de diffusion (IAD) ya Louvain-la-Neuve. Mwaka wa 2013 alisimama jukwaani Ufaransa, kwenye TNP ya Villeurbanne karibu na Lyon, akamcheza Lumumba katika "Une saison au Congo" ya Aimé Césaire. Mwaka wa 2015 alionekana katika "Dheepan", filme iliyopata Palme d'Or ya Cannes, na mwaka uleule katika "Spectre", ile ya James Bond. Mwaka wa 2023 alishika nafasi kubwa katika "Augure" ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, filme iliyopewa zawadi huko Cannes.

Lakini filme inayotuhusu zaidi sisi wa Kivu ni "La Miséricorde de la jungle", ya mwaka wa 2018, iliyotengenezwa na Joël Karekezi wa Rwanda. Ni hadithi ya askari wawili wa Rwanda walioachwa nyuma na kikosi chao mwaka wa 1998, vita ya pili inapoanza, wakapotea ndani ya msitu wa Kongo. Marc Zinga ndiye Sarjenti Xavier. Mwaka wa 2019 filme hiyo ilipata Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, zawadi kubwa ya FESPACO huko Ouagadougou, na Zinga mwenyewe akapewa zawadi ya mwigizaji bora wa kiume. Msitu unaoonekana pale si wa kwetu, filme ilipigwa Uganda.

Tunajua hadithi hiyo inagusa kidonda. Mtu wa Walikale ao wa Masisi anaweza kukasirika: kwa nini tumuonee huruma askari aliyeingia kwetu na bunduki? Ni haki yake kuuliza. Lakini tazama kazi yenyewe. Mkongomani mzaliwa wa Likasi amevaa gwanda la askari wa nchi nyingine, akaingia ndani ya woga wake, njaa yake, dhambi zake, mpaka wewe unayemtazama unasahau jina lake la kweli. Kipaji peke yake hakifiki hapo. Ni kazi ya kufundishwa.

Sasa twende Marekani, juu ya huko nako wametucheza. Lynn Nottage, mwandishi wa teatri, alimaliza masomo kwenye shule ya teatri ya chuo kikuu cha Yale mwaka wa 1989. Mwaka wa 2004 alikuja Uganda kuzungumza na wamama wakimbizi waliotoka Kongo. Kutokana na maneno yao akaandika mchezo unaoitwa "Ruined". Mambo yote yanapita ndani ya baa ya Mama Nadi, kwenye mji mdogo wa migodi upande wa Ituri. Wachimbaji wanaingia, askari wa serikali wanaingia, waasi wanaingia, koltani iko juu ya meza, na wasichana walioharibiwa na vita ndio wanaohudumia. Mtu aliyepita kwenye migodi ya huku anaijua ile baa, hata kama hajasikia jina la mchezo. Ulianza kuchezwa Chicago mwaka wa 2008, kisha New York mwaka wa 2009, na mwaka huo Nottage akapata zawadi ya Pulitzer. Mwaka wa 2017 aliipata mara ya pili, kwa mchezo mwingine, "Sweat", unaosimulia wafanyakazi wa kiwanda. Ni mwanamke wa kwanza kupata Pulitzer ya teatri mara mbili.

Msichana aliyemcheza Sophie, yule anayeimba ndani ya baa, ni Condola Rashad. Alikuwa ametoka tu shule ya sanaa ya CalArts, California. Kutoka pale hakurudi nyuma. Ametajwa mara nne kwenye zawadi za Tony, zile kubwa za teatri ya New York. Njia yake ilifunguliwa na hadithi ya binti wa migodi ya Kongo.

Na shule ileile ya Yale ilimtoa Lupita Nyong'o, Mkenya, anayesema Kiswahili kama sisi. Alimaliza mwaka wa 2012. Mwezi wa tatu mwaka wa 2014 alikuwa ameshika Oscar mkononi, kwa filme "12 Years a Slave". Kisha mwaka wa 2016 alirudi jukwaani, Broadway, katika "Eclipsed" ya Danai Gurira, mchezo wa wanawake watano ndani ya vita ya Liberia. Mchezo huo alikuwa ameufahamu tangu akiwa mwanafunzi wa Yale. Hadithi ya wanawake wanaofungwa na mkubwa wa waasi, nani huku Masisi atahitaji kuelezwa?

Shule inawapa nini? Inawafundisha kutumia pumzi ili sauti ifike nyuma bila mikro. Inawafundisha kuamrisha mwili, kusoma maandishi mpaka chini ya maneno, kurudia jambo lilelile kila usiku bila kuchoka wala kudanganya. Na mtu anayejua bei ya kazi yake anasoma kontra mbele ya kutia sahihi. Sisi wa sendika tunajua thamani ya hilo. Kwenye shimo ni vilevile. Fundi wa kutegemeza shimo kwa miti anafundishwa na wakubwa. Asiyefundishwa anazika wenzake.

Mtu atatuambia: mbona Rachel Mwanza? Ni kweli. Binti huyo aliishi kwenye barabara za Kinshasa, hakuwa na shule ya teatri, na mwaka wa 2012 alipata Dubu wa Fedha huko Berlin, mwigizaji bora wa kike, kwa filme "Rebelle" ya Kim Nguyen wa Kanada. Tunampigia makofi. Lakini ilibidi mtu atoke Kanada, afike Kinshasa, amuone. Ni nani atafika mpaka Walikale kutafuta binti yetu? Mwenye kipaji bila shule anangoja aonekane. Mwenye shule anaweza kubisha mlango mwenyewe.

Mara moja teatri ilikuja karibu na sisi. Mwezi wa tano mwaka wa 2015, Milo Rau wa Uswisi aliweka huko Bukavu mahakama ya mchezo, "Tribunal sur le Congo", kisha akaiendeleza Berlin. Hawakutumia waigizaji. Wachimbaji, wakubwa, wanasheria, kila mtu alisema maneno yake mwenyewe, na kesi ya Bisie, mgodi wetu wa kasiterite, ilikuwa moja ya kesi zilizosikilizwa. Mwaka wa 2017 ikatoka filme yake. Mahakama hiyo haikuwa na nguvu ya kufunga mtu, lakini watu walisikilizwa mbele ya dunia. Walakini aliyeandaa alitoka mbali, na alipomaliza alirudi kwao. Tungekuwa na wetu waliosomea, kazi ingeendelea.

Nchi yetu iko na shule. Institut national des arts, INA, iko Kinshasa tangu miaka ya 1960. Michael Disanka na Christiana Tabaro walisomea pale, wakaunda Collectif d'Art-d'Art, wakapeleka michezo yao mpaka Ulaya. Ni kusema inawezekana bila kwanza kupata visa. Lakini kwa mtoto wa Walikale, Kinshasa ni mbali kama ng'ambo: barabara ya matope na ya vizuizi, kisha ndege, kisha kodi ya nyumba, kisha miaka ya kula bila mshahara. Jirani zetu wa Tanzania wana chuo cha sanaa cha serikali Bagamoyo tangu mwaka wa 1981, kwenye nchi ya Kiswahili. Sisi tunaosema lugha hiyohiyo, mashariki yote ya Kongo, tungepata nini kama tungekuwa na tawi moja tu la INA upande huu?

Hatuandiki haya juu ya starehe. Sheria inakataza mchimbaji wa mkono kushuka zaidi ya mita 30. Ukibandika karatasi hiyo kwenye mti, wachache wataisoma. Vijana wakiigiza shimo linaloanguka, mama anayengoja juu, na mwenye shimo anayehesabu mifuko, watu wanacheka, kisha wananyamaza. Siku hiyo sheria imesomwa na wote. Vijana hao wanafanya kwa moyo, bila mwalimu na bila mshahara.

Pesa haitoki mbinguni, na hatuombi itoke huko. Kodi ya madini, ile redevance, Code minier ya mwaka wa 2018 imeigawa: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa sekta ao eneo lenye mgodi, 10% kwa fungu la vizazi vijavyo. Kwetu sekta ni Wanianga na Bakano. Barabara kwanza, hospitali kwanza, hakuna anayekataa. Lakini hesabu ikiwekwa wazi mbele ya wananchi, bursi ya vijana wawili kila mwaka, mmoja binti na mmoja kijana, kwenda kusomea teatri na filme, haitaangusha kasha la mtu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wakubwa wa sekta waandike bursi hizo kwenye bajeti ya mwaka ujao. Na wazazi, binti akisema anataka kwenda INA, msimcheke kwanza. Muulizeni amejifunza nini mpaka sasa, na mumwambie awaonyeshe.