Ndani ya dawa ya Ebola: protini iliyokunjwa kama bati

Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilibeba watu 2 287 mashariki mwa nchi yetu. Wakati ule, mtu akiona ndugu yake amewekewa serumu, alijiuliza: hii dawa wanaingiza mu mshipa, ndani muna nini? Ni swali la haki. Ndani muna protini, na protini hiyo inafanya kazi juu ya namna ilivyokunjwa.

Protini ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Ukiwa umelegea hivi hivi, mnyororo wa dawa hii haufai kitu. Lazima sehemu zake zinyooke, zigeuke, zirudi na kulala ubavu kwa ubavu, halafu zishikane kwa viungo vya haidrojeni. Kiungo kimoja ni dhaifu, lakini vikiwa vingi vinashika kabisa. Uso wake hauko laini kama meza, una mikunjo sawa vile bati la nyumba. Linus Pauling na Robert Corey walieleza umbo hilo mwaka 1951. Linaitwa tabaka beta.

Kumbe kingamwili, wale walinzi wa mwili wetu, wamejengwa zaidi kwa matabaka hayo. Kingamwili ya kawaida ya mu damu ina sehemu 12, na kila sehemu ni matabaka mawili yamebanana kama vipande viwili vya mkate. Pale mnyororo unapogeuka kwenye ncha, kunabaki vitanzi. Vile vitanzi ndivyo vidole vinavyokamata virusi. Adui akiwa mwingine, vinavyobadilika zaidi ni vitanzi. Bati lenyewe linabaki karibu lile lile.

Dawa inayoitwa mAb114, leo Ebanga, ni kingamwili ya namna hiyo. Ilipatikana katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kwa kazi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na INRB pamoja na watafiti wa Marekani. Inashika virusi pale pale vinapotumia kuingia mu seli. Ni dawa yenye mizizi yake hapa Kongo, jambo ambalo wengi hawakuambiwa.

Ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia Novemba 2018. Kwa wagonjwa waliopewa dawa ya zamani, ZMapp, karibu nusu walikufa. Kwa mAb114 walikufa 35 kwa mia. Na wale waliofika virusi vikiwa bado kidogo mu damu? Karibu 10 kwa mia tu. Ndiyo maana waganga wanasema usingojee nyumbani.

Na ile baridi, digrii 2 mpaka 8, si mchezo. Joto likizidi, viungo vinaachana, mikunjo inafunguka, vidole vinapotea. Angalia ute wa yai: ukishaiva, hata uurudishe mu frigo, hauwi tena maji.